Baba wa Ubatizo wa Tupac na Wakazi Wengine wa Usa River

Arusha kuna utani wa siku nyingi: mtu akikuambia kesho anakwenda USA, muulize kwanza kama nauli yake ni ya ndege au ya haisi. Usa yetu iko kilomita ishirini na ushee mashariki ya mjini, ukifuata barabara ya Moshi, ukishapita Tengeru na kabla hujafika Maji ya Chai. Ina mto, ina daraja, ina ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Meru, ina migomba inayokaribia kugusa lami. Zamani palikuwa mashamba ya kahawa. Leo ndipo mtu wa mjini aliyepata hela kidogo anaponunua kiwanja, akajenga, na kila asubuhi akashuka kazini na foleni. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilipobandika vibao hadi vichochoroni, watu wa ukanda huu wamepata jambo jipya la kubishania: barabara zetu zibebe majina ya nani? Jibu linalozunguka zaidi kwenye simu ni orodha ya "watu maarufu waliowahi kuishi kwetu". Mimi nimeletewa na watu watatu, na wote watatu walidhani wananiletea jambo nisilolijua. John Wayne, mwigizaji wa filamu wa Marekani, yumo. Hardy Krüger, mwigizaji wa Ujerumani, yumo. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, yupo "BABA WA UBATIZO WA TUPAC".

Orodha ile si ya uongo. Shida yake ni kipimo. Inawaokota watu waliofika wakiwa na majina yao tayari, kisha inauhesabu ujio wao kuwa ndiyo historia ya mahali, kana kwamba mto ulikuwa umelala ukisubiri wageni wauamshe. Mimi naisoma historia ya ukanda huu, kuanzia Tengeru hadi Maji ya Chai na juu hadi Ngare Nanyuki, kwa namna nyingine. Kilichoufanya ujulikane duniani ni swali moja ambalo limerudi hapa mara tatu katika karne moja: nani ana haki ya kukaa? Wakazi wake wakubwa wa zamani ni watu walionyimwa pa kukaa, baadhi yao kwingine, na baadhi yao hapa hapa mlimani. Ukiwapanga kwa kipimo hicho, jina la kwanza si la Mmarekani wala la Mjerumani, na hata huyo wa herufi kubwa anabaki kwenye orodha kwa sababu ambayo haina uhusiano wowote na Tupac.

Tuanze na maji, maana huku hakuna habari ya ardhi isiyo habari ya maji. Mlima Meru unamwaga mito yake kusini na mashariki: Themi, Tengeru, Usa, Maji ya Chai. Wajerumani walipojenga boma lao Arusha mwaka 1900 hivi, miguu ya mlima ikaanza kugawiwa kwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliotoka Afrika Kusini. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mchezo ukaendelea kwa majina mapya. Mashamba ya wazungu yakaja kuwa kama ukanda uliofungwa kiunoni mwa mlima. Wameru na Waarusha wakabaki juu, msitu mgongoni na mashamba ya watu miguuni, ng'ombe wao wakipita kwa kuomba. Aliyekuwa na shamba kando ya mto ndiye aliyeingia kwenye ramani, na jina lake ndilo lililobaki kwenye kituo cha basi. (Na si kila mto ni neema. Mto Maji ya Chai umepata jina lake kwa rangi yake, na maji ya upande ule yamejaa floraidi ya miamba ya volkano. Ndiyo inayowapa watu wa kwetu yale meno ya kahawia ambayo ukiwa Dar yanakutaja kabla hujafungua mdomo kusema umetoka wapi.)

Wa kwanza kufika wakiwa hawana kwao walikuwa Wapolandi. Mwaka 1940 na 1941 utawala wa Stalin uliwang'oa maelfu kwa maelfu ya watu mashariki ya Polandi na kuwapeleka Siberia na Asia ya Kati. Hitler alipoivamia Urusi wakaachiwa, wakapitia Uajemi, na wanaume wengi wakaingia jeshini. Wanawake, watoto na wazee wakasambazwa kwenye makoloni ya Kiingereza. Kuanzia mwaka 1942 wapatao 5,000 waliletwa Tengeru, karibu na Ziwa Duluti, na kambi yao ikawa kubwa kuliko zote za Wapolandi barani Afrika. Walikaa kwenye vijumba vya mviringo, wakawa na shule, kanisa, hospitali na mashamba yao. Vita vilipokwisha hawakuwa na pa kurudi, kwa sababu vijiji vyao vilikuwa vimeingizwa ndani ya Urusi ya Kisovieti. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 walikuwa wametawanyika Uingereza, Kanada na Australia, na ni wachache tu waliobaki huku. Makaburi yapatayo 150 yako pale pale, ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Niliyatembelea mwaka juzi. Mlinzi alifungua geti, akanipa kitabu cha wageni nisaini, na nilipokuwa nikitafuta mstari ulio wazi niliona kurasa nzima za majina yenye z na w, wajukuu waliotoka mbali kuja kumtazama bibi. Wa kutoka Usa River hapo jirani, nilikuta mmoja.

Katika orodha ya watu maarufu, Wapolandi wamepewa mstari mmoja, tena bila jina hata moja. Naielewa sababu: hawakuwa nyota, walikuwa akina mama wenye watoto. Lakini shika tarehe. Miaka ile ile kambi ya Tengeru ilipokuwa ikielekea kufungwa, serikali ile ile ya Tanganyika iliyokuwa imewapokea waliofukuzwa na Stalin ilikuwa na mpango wa kuwafukuza watu wengine, safari hii upande wa pili wa mlima.

Mwaka 1946 Jaji Mark Wilson alipewa kazi ya kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi. Alikiri kwamba Wameru wamebanwa. Dawa aliyopendekeza, hata hivyo, ilikuwa na uchungu kuliko ugonjwa: ardhi ipangwe upya, na Wameru waliokaa Ngare Nanyuki waondoke ili wazungu wapate eneo moja lisilokatwa, la kufugia ng'ombe. Wao wahamie King'ori, chini kwenye joto na mbu. Wameru walikataa. Novemba 1951 askari walifika Ngare Nanyuki. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, watu wapatao 3,000 wakatolewa. Wengi hawakukubali kwenda King'ori hata baada ya paa kuungua. Walijibanza kwa ndugu zao mlimani.

Hapo ndipo anapoingia Kirilo Japhet. Wameru walichanga fedha, shilingi kwa shilingi, wakamtuma New York. Mwaka 1952 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa sababu Tanganyika haikuwa koloni la kawaida bali nchi ya udhamini, na Uingereza ilipaswa kuijibia. Pembeni yake alikuwa wakili Earle Seaton, mtu mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi ya sheria Moshi. Shauri lao lilipata kura nyingi katika Kamati ya Nne, ile ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia nchi za udhamini, lakini kwenye Baraza Kuu theluthi mbili haikutimia. Kwa karatasi, walishindwa. Ila ukitaka kupima uzito wa jambo, usitazame kura peke yake. Mwananchi wa Tanganyika alikuwa amevuka bahari na kumwambia mtawala wake, mbele ya dunia nzima, kwamba ile ardhi ina wenyewe. TANU ilizaliwa miaka miwili baadaye, Julai 1954, ikakuta shauri la ardhi ya Meru likiwa mfano uliokwisha kuiva: Mwafrika ananyang'anywa, anachanga, anapeleka hoja New York. Mwalimu Nyerere naye alisimama kwenye ukumbi huo huo mwaka 1955. Na ule mradi wa ng'ombe wa wazungu haukudumu. Leo Ngare Nanyuki ni ya Wameru, ukipita utaona vitunguu na nyanya hadi kando ya barabara.

Sasa tumfikie huyo wa herufi kubwa. Geronimo Pratt, ambaye baadaye alijiita Geronimo ji Jaga, alizaliwa Louisiana mwaka 1947, akapigana Vietnam, akarudi na kuingia Black Panther, chama cha kupigania haki za Wamarekani weusi, huko Los Angeles. Mwaka 1972 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ya mwalimu mmoja yaliyotokea Santa Monica Desemba 1968. Yeye alisema tangu mwanzo kwamba siku ile alikuwa Oakland, mamia ya kilomita kutoka hapo. Alikaa gerezani miaka 27, ukihesabu tangu alipokamatwa mwaka 1970, ndipo mahakama ikakubali kwamba baraza la waamuzi lilinyimwa habari muhimu: shahidi mkuu wa mashtaka alikuwa mtoa habari wa vyombo vya dola. Hukumu ilifutwa mwaka 1997, na mwaka 2000 alilipwa fidia ya dola milioni 4.5. Mtu mwenye fedha hizo angeweza kuishi popote. Alijenga Imbaseni, ng'ambo kidogo ya Maji ya Chai, na ndipo alipofia tarehe 2 Juni 2011, akiwa na miaka 63.

Kwa nini Imbaseni? Kwa sababu Pete O'Neal alikuwa ametangulia. Huyu aliongoza tawi la Black Panther Kansas City. Alikamatwa mwaka 1969 kwa shtaka la kusafirisha bunduki kuvuka mpaka wa jimbo, akatoroka, akapitia Uswidi na Algeria, na mwaka 1972 akaingia Tanzania ya Mwalimu pamoja na mkewe Charlotte, ambaye huku anaitwa Mama C. Walijenga kwa mikono yao, na mwaka 1991 wakafungua kituo ambacho kimefundisha vijana wa vijiji vya jirani Kiingereza, kompyuta na sanaa bila ada. Sasa linganisha. Kusema "baba wa ubatizo wa Tupac" ni kumtambulisha mtu kwa jambo dogo kabisa katika maisha yake: urafiki na mama yake Tupac, aliyekuwa mwenzake katika chama. Kusema kwamba mtu aliyepotezewa miaka 27 na nchi yake, huku mwenziwe akiwa hawezi kuikanyaga tena, walipata kijiji chini ya Mlima Meru kilichowaacha wajenge na kuzeeka, ndiko kuitaja Imbaseni kwa haki. Nilimuuliza dereva mmoja wa bodaboda pale Usa kama anamfahamu Geronimo. "Si yule Mrasta?" akaniuliza. Kirilo je? Akafikiri kidogo. "Huyo wa ukoo gani?"

Kuhusu John Wayne sina maneno mengi. Alikuja mwishoni mwa 1960 kupiga filamu ya kukamata wanyama, iliyotoka mwaka 1962 ikiwa na jina la Kiswahili, akamaliza kazi yake, akaondoka. Kama huyo ni mkazi, basi kila mtalii aliyelala Usa River akisubiri kupanda mlima ni mkazi. Krüger ni habari nyingine kidogo, kwa sababu baada ya filamu hiyo alirudi, akanunua shamba Momella na kuishi pale miaka kadhaa. Lakini Momella haikuwa tupu alipofika. Kabla yake walikuwepo akina Trappe. Margarete Trappe, Mjerumani aliyekuja na mumewe mwaka 1907, alikuwa mwindaji hodari na mpanda farasi, na naye alipokonywa shamba baada ya Ujerumani kushindwa vitani, akahangaika mpaka akarudi. Hata mlowezi, unaona, alilijua lile swali. Tofauti ni kwamba yeye alilijua kwa zamu, na Mmeru alilijua kila siku. Halafu orodha haijakamilika hata kwa kipimo chake yenyewe: Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliyeachia uwaziri wa fedha mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, kisha akawa mwasisi wa CHADEMA, ana historia ndefu na shamba la kahawa Tengeru. Hayumo. Nadhani hakuigiza filamu.

Wanaoitetea orodha wana hoja yenye nguvu, na nisingependa kuipita kimya. Wanasema: kijana wa leo humvuti kwa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, unamvuta kwa Tupac. Akishaingia mlangoni, mwonyeshe vyumba vingine. Na mtalii ni hivyo hivyo. Anapita Usa River akitoka uwanja wa ndege wa KIA kwenda mbugani, na akisikia jina analolijua anaweza kushuka, kula ndizi nyama, na kuacha dola mbili tatu mikononi mwa watu. Kweli kabisa. Biashara ya sifa ni biashara, na sina ugomvi na mwongoza watalii anayetafuta riziki. Ninachouliza ni kama kuna mtu anayeonyesha hivyo vyumba vingine. Ninavyoona, mlango umegeuka kuwa nyumba nzima. Tupac anatajwa, picha inapigwa, gari linaondoka.

Upande wa pili wapo wanaotaka wageni wote wafutwe na vibao vibebe majina ya wenyeji tu. Hawa nawaelewa kwa moyo, ila hoja yao haisimami hata kwa historia ya Wameru wenyewe. Mapokeo yao yanasema wazee wa kwanza, wa koo za Kaaya na Mbise, walitoka Usambara. Baadaye wakaja watu kutoka Machame, wakapokelewa, wakawa koo za Meru. Na huyo Kirilo, shujaa wa wenyeji, alikwenda New York pamoja na Mbermuda. Ukimfuta mgeni, umemfuta na Seaton, na shauri lenyewe linabaki mguu mmoja.

Hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo niliyoisikia mara nyingi, ni ile inayosema Kirilo ni wa Ngare Nanyuki na mambo yake ni ya kikabila, kwa hiyo hahusiki na mji mdogo wenye watu wa makabila yote. Jiografia yake kwanza ni ya kuchekesha: watu hao hao wamempa John Wayne uraia wa Usa River kwa sababu alipita akienda Momella, na barabara ya Ngare Nanyuki inapita Momella hiyo hiyo. Ukabila nao haupo. Hoja ya Kirilo pale New York haikuwa kwamba Wameru ni bora kuliko wengine. Ilikuwa kwamba mtu haondolewi kwenye ardhi yake kwa amri ya mtu mwingine bila ridhaa yake. Kama hilo ni la kabila moja, basi Mchaga, Mpare, Mwarusha na Mnyiramba walionunua viwanja Usa River wakaweka hati kabatini wanalinda nini usiku?

Na hapo ndipo jambo hili linapotoka kwenye simu na kuingia shambani. Mashamba makubwa ya kahawa ya kando ya mto yamekatwa. Mengine yamekuwa ya maua, mengine nyumba za kifahari zenye uzio wa umeme, mengine viwanja vya watu wa kawaida. Maji ni yale yale, watu ni wengi kuliko zamani, na mifereji ya wazee inakauka Septemba kabla ya vuli. Kila kesi ya mpaka, kila mkutano wa kijiji unaovunjika kwa kelele kuhusu zamu ya maji, unazungumza lugha ile ile ya mwaka 1951, ila wazungumzaji wengi hawajui kama ina babu yake. Ndiyo maana naona uchaguzi wa majina ya barabara si urembo. Mjumbe wa kijiji akikaa chini ya kibao kinachomtaja Kirilo Japhet, mtoto atauliza ni nani, na atakayejibu itabidi aeleze ardhi. Akikaa chini ya kibao cha John Wayne, ataeleza kifaru.

Wala sitaki barabara zote ziwe za Kirilo. Kipande kinachokwenda Duluti kinaweza kubeba jina la Wapolandi, tena kwa lugha zote mbili, ili wale wajukuu wakishuka kwenye gari wajue hawajapotea. Njia ya vumbi ya Imbaseni iitwe Geronimo ji Jaga, kwa jina alilolichagua mwenyewe, na chini yake yaandikwe maneno mawili matatu kuhusu ile miaka 27. Seaton apewe barabara Moshi, alikofanyia kazi; hilo nawaachia watu wa Moshi, wana kamati zao na hawapendi kufundishwa na Arusha. Krüger na Trappe tayari wana Momella. Wayne ana filamu.

Wiki iliyopita nilipanda haisi ya Usa jioni. Konda alikuwa akiita kama kawaida yao, "Tengeru, Usa, Maji ya Chai, Kikatiti," na mama mmoja mwenye ndoo ya parachichi akashuka pale darajani. Kibao kipya cha anwani kilikuwa kimesimama kando ya kibanda cha M-Pesa, rangi bado inang'aa. Kilikuwa na namba, mshale, na mahali pa jina pameachwa wazi.